Nje ya Ukuta wa Babu

Mama alifariki Kilwa Kivinje, alfajiri ya Jumanne, na wasia wake ulikuwa mwepesi. Sikukuu ya Idd iliyopita, akinikwangulia ukoko wa pilau, aliniambia, "Siku yangu ikifika, nilazeni kwa mama yangu. Wasije wakakuzungusha." Nilicheka. Nani angenizungusha? Makaburi ya ukoo wetu yana ukuta wa mawe ya bahari, babu yumo, nami nimeingia humo kuzika watu tangu sijaota ndevu. Bibi alifariki kabla sijazaliwa. Nilichukulia tu kwamba naye yumo.

Nilitoka nyumbani kwangu Mtanda, Lindi, nikafika saa nne na nusu. Kina mama walikuwa ndani wakimwosha marehemu, basi nikapitiliza makaburini. Wachimbaji walishafika kifuani, ubavuni mwa kaburi la babu. Mjomba, mdogo wake mama kwa baba, alikuwa amesimama juu yao akiwaelekeza.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Hapa tunamalizia."

"Na bibi yuko upande gani?"

Majembe yakasimama. Mchimbaji mmoja alimtazama Mjomba, kisha akajitia kukung'uta udongo miguuni. Nikaona wazi kuwa watu wale wanajua jambo la kwetu ambalo mimi silijui, na hasira zikanipanda hata kabla sijajua ni za nini.

Mjomba alinishika mkono akanitoa nje, tukazunguka mpaka nyuma ya ukuta, kwenye minazi mikongwe. Nyasi zilifika magotini. Akazitenga kwa fimbo. Palikuwa na vijiwe viwili, kimoja kichwani, kimoja miguuni. Hatua mbili mbele vilikuwepo vingine, na mbele yake vingine tena.

"Bibi yako ni huyu," alisema. "Alikuwa mzalia."

Nilichuchumaa nikagusa kijiwe cha kichwani.

"Mama yake aliletwa kutoka bara kwa miguu, baba yake babu yako akamnunua hapa hapa Kivinje. Bibi yako akazaliwa ndani ya nyumba, akawa wa nyumba. Babu yako akamweka suria, wakampata mama yako. Sasa mtoto hufuata baba. Dada yangu ni muungwana, kaburi lake ni ndani. Ukimlaza huku, kabla ya Alasiri mji mzima utakuwa unatusema."

Nilipaswa kulia, au kugomba, lakini kichwa changu kilikwenda darasani. Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya msingi. Kwenye ubao wangu watumwa hutoka bara, hupita Kilwa, hupanda vyombo, huondoka. Kana kwamba Kilwa ilikuwa stendi. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, na wale waliobaki hapa kulima mashamba na kujenga majumba, walikwenda wapi?" Nikamwambia hilo halitoki kwenye mtihani, akae chini. Kumbe kitukuu wao ndiye aliyekuwa ameshika chaki.

Nilichanganyikiwa, sina neno jingine. Aliyenunua ni wangu. Aliyenunuliwa ni wangu. Ile picha ya babu sebuleni kwa mama, amevaa kanzu na koti, nimeionyesha kwa wageni kwa majivuno miaka yote, na sikuwahi kuuliza ya bibi iko wapi. Nilitaka kumchukia babu, nikakumbuka kwamba bila yeye mama asingekuwepo, nikajiona mjinga kwa kuwaza hivyo, kisha nikawaza hivyo tena. Nikauliza swali la kijinga zaidi: ukuta huu ulijengwa na nani? Mjomba aliinua fimbo akanionyesha zile nyasi.

"Achimbiwe huku," nilisema.

"Unamvunjia heshima mama yako."

"Ndivyo alivyousia."

"Aliusia kwa mapenzi. Sisi tunazika kwa akili."

Tulijibizana pale mpaka wachimbaji wakatoka na majembe mabegani, wakisubiri mshindi. Sitasema kwamba nilishinda kwa hoja. Nilichukua jembe la mmoja wao nikaanza kuchimba mwenyewe, vibaya, nikiwa na suruali yangu ya safari, mpaka wakanionea huruma wakaniondoa. Mjomba alinitemea maneno mawili matatu kuhusu wasomi, kisha akasogea kando.

Lilibaki shimo la ndani. Walisema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litamwita mwingine. Wakakata mgomba, wakaulaza ndani kwa taratibu, wakafukia. Mpaka leo babu yuko na mgomba ubavuni.

Mama tulimzika baada ya Adhuhuri. Talakini iliposomwa na watu kuondoka, nilidhani Mjomba naye ameondoka. Nikamkuta ameinama kwenye vijiwe vya tatu, anang'oa nyasi kwa mkono.

"Acha, Mjomba, nitamleta mtu afyeke."

"Hapa nafyeka mwenyewe," alisema. "Huyu ni mama yangu."

Sote tulijua mama yake ni yule mke mkubwa wa babu, aliyelala ndani ya ukuta, kaburi lake limesakafiwa kwa saruji. Nilimwambia hivyo.

"Yule alinilea. Huyu ndiye aliyenizaa." Akatupa nyasi pembeni. "Mimi na mama yako tulikuwa tunajua. Sikumwambia hata mke wangu."

Nikakaa chini, kwenye udongo mbichi wa mama. Mzee wa watu amelinda ule ukuta maisha yake yote, nami asubuhi moja, kwa jembe la kuazima, nimempitisha upande wa pili mchana kweupe.

"Na siku yangu ikifika," aliuliza, bila kunitazama, "utawaambia wachimbe wapi?"

"Wewe unataka wapi, Mjomba?"

Aling'oa nyasi nyingine, akaikung'uta mizizi.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana nakuuliza."