Silinda Kama Mpya

Ndege ya misheni ilikuwa na silinda sita, na moja ilikuwa inavuja. Fundi aliyekuja kuikagua pale uwanja wa ndege wa Mpanda aliijaza silinda hiyo hewa, kisha akaniita nitege sikio kwenye bomba la moshi. Nikasikia mluzi mwembamba, kama pumzi ya mtu mwenye pumu. "Vali haifungi," akasema. Akaing'oa silinda nzima na kunikabidhi. Bila hiyo moja, zile tano zilikuwa mapambo.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami ndiye niliyekuwa nikinunua vifaa vya misheni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya sosholojia, na kazi nyingine sikuipata. Maswali yangu yaliwachosha mapadri. Rubani peke yake ndiye aliyeyafurahia, na aliniita Msomi kila alipotaka kunicheka.

"Msomi, hebu ihoji hiyo silinda, huenda ina matatizo ya kijamii."

Nilicheka, lakini moyo haukutulia. Dada yangu, aliyeolewa Inyonga, alikuwa mjamzito, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Mkunga wa huko alishamwonya kwamba huyu wa pili asizaliwe zahanati. Aende hospitali Mpanda. Tulipanga ndege imfuate siku zikikaribia, maana mvua ikishika, barabara ya Inyonga inabaki jina tu. Nilimsihi aje mapema kwa gari. Akakataa. Vitalu vya tumbaku vilikuwa vinamngoja.

"Nije kwako nihesabu mabati?" alinijibu kwenye redio ya upepo. "Si mna ndege, mdogo wangu?"

Nikaitia silinda kwenye kiroba, nikapanda treni. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliyaona mapezi ya chuma ya silinda yakitokeza kirobani, akauliza kama ni mashine ya kusaga. Nilipomwambia ni kipande cha injini ya ndege, alikivuta kikapu chake cha kuku upande wa pili.

Karakana ya kwanza niliyoingia Dar es Salaam ilikuwa safi kuliko ofisi yetu. Silinda zilizokwisha kutengenezwa zilipangwa juu ya meza, zote zimepakwa rangi ya kijivu inayong'aa. Mwenye karakana, mzee mcheshi, aliipokea yangu kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Wiki moja tu, kijana wangu. Itarudi kama mpya."

"Kama mpya maana yake nini, mzee?"

"Maana yake kama mpya."

Nikamuuliza wanapimaje chuma kilivyolika. Nikamuuliza wanatafutaje nyufa. Akajibu kwamba macho yake yameona injini nyingi. Nikaomba kuona hata silinda moja ambayo haijapakwa rangi.

"Wewe umewahi kuruhusiwa kumwona bibi harusi kabla hajapambwa?" akasema, na vijana wake wakaangua kicheko.

Nami nilicheka. Kisha nikaichukua silinda yangu, nikatoka.

Ya pili ilikuwa kibanda nyuma ya maghala, na mkaguzi wake alikuwa mwanamke wa makamo ambaye hakunikaribisha hata kiti. Kabla sijauliza lolote, yeye ndiye aliyeuliza: injini imeruka jumla ya saa ngapi, kwa nini ilifunguliwa, ndege inatua kwenye viwanja gani. Akaisafisha silinda, akaipaka dawa nyekundu, akaifuta, akanyunyizia unga mweupe. Tukasubiri. Katika ule weupe ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, kutoka tundu la plagi hadi kwenye vali.

"Hii imekufa," akasema.

"Haichomelewi?"

"Wapo wanaochomelea. Sisi hatufanyi hivyo. Tutakuagizia nyingine kutoka nje."

"Itafika lini?"

"Sijui. Nikikutajia siku nitakuwa nakudanganya."

Sikumbuki mtu mwingine aliyenifurahisha namna ile kwa kukiri kwamba hajui. Nchi nzima, nilidhani, ilikuwa imejaa watu wenye majibu. Nikamwona dada yangu akilini, furaha ikaniishia.

Nikaenda posta kumpigia rubani simu, nikamweleza yote.

"Wale wa kwanza wangefanyaje na ufa huo?" akauliza.

"Wangeuziba. Wangeupaka rangi. Wiki moja."



"Mvua zimeanza huku," akasema. "Lakini Msomi, anayekaa nyuma ya hiyo silinda ni mimi. Na dada yako atakaa kando yangu. Unaniuliza nini sasa?"

Nikaiagiza silinda nyingine pale kwa yule mkaguzi, nikarudi Mpanda bila kitu, na magari yalikuwa yameshaacha kupita barabara ya Inyonga.

Uchungu ulimkuta dada kabla silinda haijafika. Majirani zake walimpakia kwenye tela la trekta, wakalifunika kwa turubai la tumbaku. Trekta likazama njiani, likavutwa, likazama tena. Alipofikishwa hospitali, madaktari waliweza kumwokoa yeye. Mtoto alikuwa ameshanyamaza tumboni.

Silinda ilifika dada alipokuwa bado anauguza kidonda nyumbani kwangu, bila kulalamika, bila kunilaumu hata nilipomsimulia habari za karakana zote mbili. Fundi akaifunga, rubani akaizungusha ndege angani mara kadhaa, akaridhika. Dada akawa abiria wake wa kwanza, kurudi Inyonga. Nilimshika mkono kumpandisha. Akasimama, mguu mmoja kwenye ngazi, akiitazama pua ya ndege, ilipo injini.

"Ile ya wiki moja," akasema. "Mngeifunga, ndege ingeanguka?"

Nilikuwa na maelezo mengi. Nilijua namna ufa unavyotembea ndani ya chuma, na namna joto linavyousukuma. Lakini hakuuliza hayo.

"Sijui, dada."

"Pengine isingeanguka."

"Pengine."

Akatikisa kichwa taratibu. Rubani, aliyekuwa amekwisha kuketi, alijifanya anashughulika na vipimo vyake. Dada akapanda. Nikainama nimfunge mkanda, akaniondoa mkono kwa upole, akaufunga mwenyewe.