Kamba wa Kabla ya Kipimo

Mpishi wa kiwanda cha nguzo walimwita Chumvi, ingawa chakula chake chumvi ilikuwa haikolei hata siku moja. Kiwandani hapo nguzo za umeme hulowekwa kwenye tangi la dawa ya mchwa, na ndani ya dawa mna aseniki. Aseniki ni sumu, tusizungushane. Ndiyo maana kila mwaka wafanyakazi hupimwa mkojo.

Na kila mwaka, siku moja kabla ya kipimo, meneja alileta katoni za kamba wa baharini, Chumvi awapikie watu washibe. Miaka sita Chumvi alipika akijua bosi ana roho nzuri. Majibu yakija juu, meneja alicheka tu: "Si mlikula kamba? Vya baharini vina aseniki, jamani!" Kweli vinayo. Basi yakaisha, na mdogo wake Chumvi, mlowekaji wa nguzo hapohapo, akarudi tangini. Viganja vya huyo mdogo mtu vilikuwa vimeota sugu hadi kushika kikombe ni kazi. Alisema ni uzee. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Mwaka huu akaja muuguzi mgeni, mama asiyecheka, kugawa chupa za mkojo wiki moja kabla. Akapita jikoni.

"Siku nne kabla ya kipimo wasile cha baharini," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Aseniki ya kamba inatoka mwilini vilevile ilivyoingia. Siku mbili tatu imekwisha, ini halina habari nayo. Ya tangini ndiyo ini linapambana nayo, linaigeuza, figo zinaitoa kwenye mkojo. Lakini mtu akiingiza kila siku, ngozi inaharibika. Sasa kipimo chetu hakibagui, kinazihesabu zote pamoja."

Chumvi akakaa juu ya gunia la mchele.

"Huo nao unayo kidogo," muuguzi alisema. "Pika kwa maji mengi, uyamwage."

Katoni zilipoletwa, Chumvi alipika maharage. Meneja akaja juu: "Kamba wako wapi?"

"Waliharibika, bosi."

Paka wa kiwanda walishiba siku mbili, na hakuna aliyewapima.

Majibu ya mdogo mtu yalikuwa mara tatu ya kiwango, na safari hii hapakuwa na kamba wa kusingizia. Muuguzi aliandika barua, na mdogo mtu akatolewa tangini siku ileile, akapelekwa hospitali. Kesho yake Chumvi alifukuzwa kazi kwa uzembe jikoni. Wala hakujali. Alikwenda wodini mbio, furaha imemjaa, akamweleza mdogo wake yote tangu mwanzo.

Mdogo mtu alisikiliza hadi mwisho, viganja vimelala juu ya shuka.

"Kaka," alisema, "na mimi kila mwaka nilikuwa nakuomba uniongeze kamba."

"Na nilikuongeza," Chumvi alisema, akaangua kilio mbele ya wagonjwa wote.