Mahali Palipofungwa Kitangiri

Ukifika kwenye ziwa usilolijua wakati wa kiangazi, usikimbilie kutupa ndoano. Kaa ufukweni kwanza, utazame maji yamerudi nyuma kiasi gani, maana samaki wakubwa huyafuata yanapopungua na kujikusanya kwenye kina kilichobaki. Hayo niliyajua tangu utotoni, nikivua kwenye malambo ya kwetu Manyoni, na ndiyo maana nilikwenda Kitangiri nikijiona fundi.

Sikwenda kujifurahisha. Mdogo wangu alikuwa mvuvi huko. Siku moja mtumbwi wake ulikutwa ukielea peke yake, na yeye hakuonekana tena. Walimtafuta mpaka wakachoka. Mama akakataa katakata tusiweke matanga. "Mtumbwi mtupu siyo maiti," alisema, na akaendelea kuipiga ile namba ya simu isiyopatikana, akimsikiliza yule dada wa mtandao mpaka amalize maneno yake. Kiangazi kilipokolea akanituma. "Nenda kamlete mdogo wako. Na samaki wa huko usimle." Kambale hula chochote anachokikuta chini; kila mtu anajua.

Kwenye kambi ya wavuvi nilipokewa na mama mmoja mtu mzima, mkaushaji wa samaki, ambaye mdogo wangu alikuwa amepanga kwake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku akinitazama usoni muda mrefu, maana mimi na ndugu yangu tulifanana mno.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Tulikuwa tunakusubiri."

Akanieleza. Pale mtumbwi ulipokutwa ndipo penye kina kuliko kwingine kote, na tangu siku ile hakuna aliyevua hapo. Kambi ile ina desturi yake: mahali palipomchukua mtu hufungwa, mpaka ndugu yake aje amvue samaki wa kwanza, apikwe, naye awe wa kwanza kumla. Akishakula, yule mtu amekufa na mahali pamefunguliwa.

"Na maji ndiyo hayo unayaona," alisema. "Kwingine kumebaki tope. Watu wana watoto, mwanangu."

Mimi ni mwepesi wa hasira. Nilimwambia nimetumwa kumleta ndugu yangu, sikutumwa kumzika kwa ugali. Alisema tu nikalale, kesho nikajaribu, huenda nisipate kitu.

Asubuhi mvuvi mmoja wa umri wangu alinipeleka pale. Nilikuwa nimebeba utumbo wa kuku kama tunavyofanya kwetu. Akaucheka kwa adabu, akanikatia vipande vya sabuni ya mche. "Huku wanapenda hii, kaka." Kisha akaniambia ninyamaze nisikilize. Kambale hupanda juu kuvuta hewa, na ukiisikia pumzi yake, tupa hapo hapo.

Kwenye malambo yetu kuna kelele za ng'ombe na watu wanaochota maji, kwa hiyo sikuwahi kuisikia pumzi hiyo vizuri. Pale palikuwa kimya. Ilikuja nyuma yangu, nzito, ya mtu aliyekaa sana chini ya maji. Nikageuka, nikaona duara tu. Ikaja tena upande wa kulia. Nikajikuta namwita mdogo wangu kwa sauti ya chini, jina lake la nyumbani. Mwenzangu akatazama pembeni. Niliogopa, na nilimwomba Mungu nisipate kitu.

Jua lilipoanza kuchoma, uzi ukanyooka. Samaki hakukurupuka. Alivuta polepole, kama mtoto anayekushika mkono akuonyeshe kitu.

"Usishindane naye," mwenzangu alisema. "Mfuate."

Nikamfuata. Alipotoka majini alikuwa mweusi, mwenye ndevu ndefu, mzito wa kumshinda mtu mmoja. Akalala miguuni pangu akivuta pumzi ile ile hadi tukafika nchi kavu.

Ilibidi nimpasue mwenyewe. Kisu kiliteleza kikanikata. Tumboni mlikuwa na perege wadogo na tope, basi. Nikashusha pumzi, halafu nikaumia upya, kwa kuwa hata humo mdogo wangu hakuwemo. Yule mama akampika kwa nyanya na chumvi, akaniwekea na ugali. Wake wa wavuvi walikaa kando na watoto wao mgongoni, bila kuniomba chochote. Ningekataa, wangenielewa na kunipa maji ya kunawa, nikaenda zangu. Hilo ndilo lililonishinda. Nilikula. Alikuwa mtamu, na utamu ule sijausamehe mpaka leo. Sijamaliza kunawa, mitumbwi ilikuwa tayari inasukumwa kuelekea pale.

Niliporudi Manyoni nilimkuta mama uani, akipepeta mtama. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama njia niliyotoka, kama kuna mtu nyuma yangu. Kisha akaniangalia mdomoni.

"Ulikula?"

"Nilikula, mama."

Akaendelea kupepeta mpaka mtama wote ukawa safi. Akaumimina kwenye ndoo, akaukung'uta ungo, akauegemeza ukutani. Akakaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu.

"Basi kawaite watu," alisema.