Mafundi Arobaini Wanaonyonyesha

Mtu akiniambia mwanamume hawezi kunyonyesha, namcheka. Kwenye saiti yetu ya ujenzi walikuwapo arobaini, na ushahidi upo kwa maandishi. Ila stori yenyewe ni ya mdogo wangu, tumbo moja, dereva wa kreni. Wenzake wanamwita Twiga.

Mimi ndiye mtunza stoo. Saruji, glavu, misumari, vyote vinapita mkononi mwangu, na mimi ndiye niliyemshika mkono akaingia kazini hapo. Alianza kwa kubeba tofali. Baada ya miaka sita anapanda ngazi ya chuma kila asubuhi mpaka kwenye kibanda cha juu kabisa, na tani mbili zinaning'inia kwenye waya kwa amri ya vidole vyake. Ninavyojivunia, acha tu.

Lakini tangu ahamie chumba kipya mjini kati, macho yake yalikuwa mekundu. Chini yake kuna baa, ukuta wa pili kuna jirani mwenye spika, na juu ni bati linalotema joto mpaka alfajiri. Akikosa usingizi anachukua simu, na simu inamalizia kale kausingizi kalikobaki. Nikimwuliza ananijibu, "Dada, niko fiti." Fiti gani? Wiki moja nyuma mzigo wa nondo ulibaki hewani juu ya vichwa vya watu, mtoa ishara anapunga mikono mpaka imechoka. Twiga akadai redio ya mawasiliano ilikata. Redio ile nilimpa mimi, na betri mpya. Tangu hapo, kila kreni ikigeuka nilijua ipo siku ataua mtu, na mtu huyo atakuwa ninayemjua.

Ndipo akaja nesi mmoja mfupi, mcheshi, na fomu za uchunguzi wa usingizi. Alikuwa anazunguka mji mzima, viwandani, maofisini, masokoni. Jina haliandikwi. Sasa, saiti yetu ina utaratibu wake wa fomu. Kila asubuhi foromani anabandika mlangoni kwangu fomu ya usalama iliyokwisha kujazwa, wote wananakili, kazi inaanza. Ya nesi nilikuwa wa kwanza kuijaza. Foromani akaikuta mezani, hakusoma, akaibandika. Mimi sina habari.

Kesho yake nesi alirudi wakati wa mapumziko, anacheka machozi yanamtoka. "Jamani, kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Sijawahi kukutana na mafundi arobaini, wote wananyonyesha mtoto wa miezi saba."

Saiti nzima ikaangua kicheko. Fundi zege, mtu mwenye ndevu mpaka kifuani, alishikilia nguzo asianguke. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, maana mtoto ni wangu, na zile saa nane za usingizi nilizoandika ni uongo mtupu. Mwenye mtoto mchanga analala saa nane wapi?

Nesi akajifuta macho, akaziweka fomu juu ya meza. "Basi tuulizane kwa mdomo. Kila ninapopita najibiwa yaleyale: kelele, joto, zamu za usiku, mawazo ya nyumbani, simu kitandani. Na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Nani hapa halali?"

Kila mtu akainamia kikombe chake. Nikamtazama mdogo wangu. Akisema kweli anashushwa kwenye kreni, na huenda asiipande tena, maana wapo watatu wanaokimezea mate kile kibanda. Akinyamaza, baada ya dakika ishirini anapanda. Ningeweza kumsemea. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno, nikayabana.

Twiga akasimama. Akatoa ufunguo wa kreni mfukoni, akauweka juu ya zile fomu. "Mimi," akasema. "Miezi minne sasa. Siku ile ya nondo redio haikukata. Nilisinzia."

Aisee. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa mkupuo mmoja. Waliokuwa chini ya nondo zile walikuwa wamekaa palepale na vikombe vyao. Fundi zege alikuwa mmoja wao. Akamkazia Twiga macho, kisha akainua mkono wake uliojaa saruji. "Na mimi silali." Ukainuka mwingine, ikawa mitano, ikawa kumi, nesi kalamu inamkimbia. Foromani alikuja mwisho. "Tangu mke wangu augue," akasema, na hakuna aliyemtania.

Akauchukua ufunguo. Hakumfukuza Twiga, wala hakumwahidi kitu. Alisema kesho aende hospitali na nesi, na leo kreni isimame. Ghorofa tisa, mchana kweupe, kreni imesimama, na mimi furaha haina pa kukaa.

Nikamvuta mdogo wangu stoo, nikamtandikia turubai juu ya mifuko ya saruji.

"Dada, nitapoteza kazi?"

"Sijui," nikamwambia, kwa sababu sikujua. "Lala."

Nikafunga mlango, nikakaa nje juu ya ndoo. Kila aliyekuja kudai misumari nilimrudisha kwa jicho tu, na wakaondoka wananyata na mabuti yao makubwa. Fundi zege yeye akatega sikio mlangoni, akanigeukia, akatabasamu. Nikatega langu. Mtoto wa mama yangu alikuwa anakoroma.