Mama na mbwa mwitu

Leo mama yangu amempa pole mbwa mwitu kwa simu. Msicheke.

Mnajua nafanya kazi kwenye kituo cha mbwa mwitu waliookolewa, nje kidogo ya Joburg, Afrika Kusini. Kuna jike mmoja mzee, mwenzi wake alikufa mwezi uliopita. Tangu siku hiyo hajatoa sauti.

Asubuhi nawakatia nyama, mama akapiga kutoka Tanga. Mikono imejaa damu, nikaweka spika.

"Unarudi lini, mwanangu?"

Nikaendelea kukata nyama. Mwaka wa sita huu nalikwepa swali hilohilo.

Mara yule jike akainua kichwa, akalia. Mlio mrefu, eish, mpaka nikaweka kisu chini. Wengine wote wakamwitikia.

"Yarabi! Nani analia hivyo?"

"Mbwa mwitu, mama. Kafiwa na mwenzi wake."

Mama akasema, "Mwambie pole."

Nikasogea kwenye uzio, nikamwambia, kwa Kiswahili. Akanitazama tu.

Mama akauliza taratibu, "Na wewe huko, nani anakupa pole?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Ninyi mlio mbali na mama zenu, huwa mnajibu nini?