Kuteleza kwa Mama Simu

Mtaa mzima ulimwita Mama Simu, hata wale waliozaliwa baada ya mitambo aliyoifanyia kazi kung'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Miaka thelathini na mmoja alikaa mbele ya ubao wa matundu wa kuunganishia simu, visikizi masikioni, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, akiwaunganisha wapendanao, wagombanao na waliofiwa. Sasa alikuwa na miaka sabini na sita, akiishi peke yake katika vyumba viwili vya ghorofa ya chini, na simu yake mwenyewe ililia mara mbili kwa mwezi. Mara moja alikuwa mwanawe. Mara ya pili alikuwa Binti wa Tarehe Moja.

Binti huyo alikuwa mtafiti. Yeye na wenzake wa chuo kikuu walikuwa wakichunguza kwa nini wazee huanguka, na walikuwa wameandikisha wazee mia tatu. Siku ya kwanza alikuja mwenyewe, akampima shinikizo la damu, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akamhesabia sekunde. Kisha akamwachia kalenda yenye kisanduku kwa kila siku.

"Siku ikipita salama, bibi, weka alama ya vema. Ukianguka, andika A. Kila tarehe moja nitapiga simu uniambie." Alipokuwa akisema hayo, kalamu ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza.

"Hiyo nayo iandikie A," alisema Mama Simu.

Jambo ambalo hakumwambia ni ahadi ya mwanawe. Mwaka uliotangulia alianguka sokoni mbele za watu, na mwanawe akaja, akamuuguza siku nne, akaondoka akiacha neno moja: "Mama, ukianguka tena, nakuja na begi. Unahamia kwangu." Kwake kulikuwa safari ya siku nzima. Mkwewe alikuwa mtu mwema, lakini wote wawili walitoka asubuhi na kurudi jioni, na katika mtaa huo hakuna ambaye angemwita Mama Simu. Na katika fomu ya utafiti, penye "ndugu wa karibu", iliandikwa namba ya mwanawe.

Kwa hiyo Mama Simu hakuanguka. Mwezi wa tatu aliteleza bafuni. Mwezi wa tano alijikwaa kwenye mkeka, goti likavimba wiki mbili.

"Shikamoo, bibi. Mwezi uliokwisha ulianguka?"

"Marahaba. Sijaanguka, mwanangu."

"Hata mara moja?"

"Niliteleza kidogo tu. Na kuteleza si kuanguka, wahenga walishamaliza maneno."

Kalendani aliweka vema, lakini chini ya vema za siku hizo mbili alitia nukta ndogo. Zamani, simu iliyokatika kabla watu hawajamaliza kuongea, opereta aliitilia nukta kwenye daftari lake. Mkono ulikuwa bado umezoea.

Mwezi wa nane, Jumanne saa nne asubuhi, alikuwa akiinua ndoo bafuni, mara akajiona anatazama sinki kwa chini. Nyonga iliwaka moto. Alimwita jirani, akakumbuka kwamba jirani yuko kazini. Redio ilikuwa ikiongea chumbani: nyimbo, matangazo ya vifo, nyimbo tena. Kisha simu yake ikalia mezani. Yeye, ambaye kazini hakuwahi kuacha simu ifike mlio wa nne, alihesabu milio kumi na miwili, na wa kumi na tatu haukuja. Taarifa ya habari ya saa saba ilipokwisha, alishika mguu wa sinki akajivuta. Aliipigia namba iliyokuwa imeita. Mwanamume mmoja akasema samahani, alikuwa amekosea namba.

Akaweka vema. Chini yake, nukta.

Tarehe moja simu ikalia.

"Bibi, leo swali limebadilika."

"Lile la zamani limekosa nini?"

"Tumegundua wazee wetu hawaanguki. Mia tatu, wote wanateleza. Mzee mmoja kavunjika mkono, ananiambia aliinama tu kuokota kitu."

"Alikiokota?"

"Anakitafuta mpaka leo." Walicheka wote wawili. "Sasa tunauliza hivi: mwezi uliokwisha, kuna siku ulijikuta chini bila kukusudia?"

Mama Simu alitazama kalenda ukutani, penye nukta tatu. Katika kazi yake kulikuwa na mwiko mmoja: usimwambie mtu namba haipatikani kama hujaijaribu. Na swali hili halikumwachia pa kutelezea.

"Ipo," alisema. "Na si ya kwanza. Ni ya tatu."

Akasikia kalamu ikiandika.

"Pole sana, bibi. Nani alikuinua?"



"Hilo nalo limo kwenye fomu?"

"Limo."

"Basi andika hakuna. Andika sinki."

"Ulikaa chini muda gani?"

"Tangu saa nne mpaka taarifa ya habari ilipokwisha."

 Kalamu ikaandika, ikasimama. 

"Mwanao anajua?" aliuliza binti.

"Si mtamwambia nyinyi? Namba yake mnayo."

"Hiyo ni ya dharura tu, bibi. Unayoniambia hayatoki bila ruhusa yako."

Miezi minane alikuwa akimkwepa mtu asiyemtafuta.

"Lakini afadhali mtu ajue," binti aliendelea. "Na hapo bafuni pawekwe chuma cha kushikia."

Alikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, kisha akampigia mwanawe, akamwambia mara zote tatu, na saa alizokaa chini. Jumamosi mwanawe akaja na drili, bomba la chuma na begi.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza. Mama akamwonyesha. Jitu zima la miaka hamsini likajilaza kwenye saruji, likatazama sinki kwa chini.

"Simu unaiona ukiwa hapa?"

"Naisikia."

 Mwanawe akainuka, akatoboa ukuta, akafunga chuma, akaning'inia hapo kwa uzito wake wote. Kisha akamfungia mamake simu shingoni kwa kamba, kama kitambulisho cha mtoto wa shule.

"Begi naliacha nyuma ya mlango," alisema. "Tupu. Safari nyingine sitauliza."

"Liache. Nitalitumia kuwekea vitambaa."

Aliondoka Jumapili asubuhi. Jioni Mama Simu akaingia bafuni, akashika chuma. Kilikuwa baridi, kimekaa sawa na kiganja chake. Alisimama hapo kwa mguu mmoja, akijihesabia sekunde kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumhesabia. Akafika tisa. Kisha akaenda kwenye kalenda, akaweka vema ya siku ile, na kuhesabu visanduku vilivyobaki hadi tarehe moja.