Vaileth na Mji Usiofikiwa kwa Basi

Vaileth alianza na ndoo mbili za parachichi mpakani Tunduma, na leo ana ofisi ya tiketi Rockville, Marekani, ghorofani juu ya duka la mazulia. Kanuni yake ni ileile ya Tunduma: mkatie mteja ndege mpaka mji mkubwa, kipande kinachobaki atamalizia kwa basi. Wa Mpanda hushukia Dar, wa Butembo hushukia Kampala. Basi halijawahi kukosekana, kwa hiyo ramani alikuwa haangalii.

Ndivyo alivyomkatia Papa Liévin tiketi sita za Lima. Papa Liévin hutunza wazee Springfield. Mwanawe Lévi alikwenda Peru kuchimba visima, akapata mchumba Iquitos, ndani kabisa ya msitu wa Amazoni. Harusi ilikuwa Jumamosi, na kwa akina Liévin binti haombwi kwa simu: wazee wa upande wa mume wakae mbele ya wazazi wake kwanza, la sivyo hakuna ndoa. Ndege ingetua Lima Jumatano.

Wiki mbili kabla ya safari, Papa Liévin alikuja kuchukua karatasi zake, akiwa na ramani. Akaitandaza mezani.

"Mama Vaileth, mi ni mtoto ya Kisangani, miji ya mto naijua. Hii barabara ya basi yako, nionyeshe."

Vaileth akavaa miwani. Barabara aliiona moja, kutoka Iquitos hadi Nauta, kilometa mia hivi, nayo inaishia mtoni, karibu na pale mito ya Marañón na Ucayali inapokutana kuwa Amazoni. Kwingine kote kijani kitupu. Mji wa watu mamia ya maelfu, na mgeni huingia kwa ndege au kwa maji.

Papa Liévin alicheka. Akamweleza kuwa mji ule ulinenepeshwa na mpira, ule utomvu wa miti: matajiri walijenga majumba ya vigae vya Ulaya, barabara ya nini, mpira ulishuka na mto, walioumia ni wenye msitu. Babu yake naye alichapwa viboko kwa ajili ya mpira, kwao Kongo.

"Basi na hawa wakwe tuko ndugu tangu zamani," alisema.

Vaileth alikuwa anapiga hesabu ya siku. Basi kuvuka milima mpaka Tarapoto, gari hadi Yurimaguas, halafu meli siku mbili, pengine tatu. Wangefika kusaidia kuosha sufuria.

Angeweza kusema tiketi ikishatoka hairudi, maana husema hivyo kila wiki. Lakini Papa Liévin anasali na watu mia nne, na wote mia nne husafiri Desemba.

"Kosa langu," alisema. "Lima hadi Iquitos ni ndege, haifiki saa mbili. Hiyo nalipa mimi. Kurudi mna wiki nzima: mtapandisha mto kwa meli, mjilipie."

"Na machela ya kulalia? Kwenye meli kila mtu anatundika yake."

"Nawapa tatu."

"Mama, ulitaka kunipitisha na basi juu ya maji."

Vaileth alimtazama kwa heshima, kama alivyowatazama wanunuzi wachache wa Tunduma waliomshinda kwa bei.

"Sita. Ila mnipigie picha."

Alhamisi jioni Lévi alituma ujumbe: wazee wamekaa, binti ameombwa, mama mkwe ameleta samaki aliyefungwa kwenye majani. Wiki iliyofuata ikaja picha, wazee sita wakining'inia kwenye machela, Papa Liévin amevaa kofia ya kapteni.

Vaileth aliikuza, akaibandika dirishani. Kabla ya mwezi kwisha, Chebet, nesi wa Upper Marlboro, alipanda ngazi kuulizia safari ileile, yeye na wenzake wanane.

Vaileth akafungua ramani kwanza.

"Na machela?" Chebet aliuliza.

"Hizo, mwanangu, mnajinunulia."